Ya muda, ya kupita au yenye kutoweka: uchague neno lipi kwa vitu visivyokaa

Mpwa wangu alikuja Ijumaa moja baada ya laasiri, amekumbatia boksi la viatu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea viatu?"

"Nimekuletea kazi."

Ndani ya boksi mlikuwa na tiketi za basi la Malindi za miaka ya 80, kadi za mialiko ya harusi zenye herufi za dhahabu zilizochubuka, risiti za duka la vitambaa, kalenda ya mfukoni, na kipande cha bango la mkutano wa siasa kilichobanduliwa ukutani pamoja na gundi yake. Yeye na wenzake walikuwa wanayaandalia makaratasi hayo maonyesho katika chumba cha chini cha nyumba moja Mji wa Kale, Mombasa, kwa wiki mbili tu, na kila kitu kiwe na lebo ya lugha mbili. Lebo ya Kiingereza ilishapata neno lake: ephemera, yaani makaratasi ya kutumika siku chache, yasiyokusudiwa kukaa. Upande wa Kiswahili ulikuwa mweupe.

Kazi yangu ni kusahihisha tafsiri za watu, kwa hiyo nilidhani nitamjibu kabla muuza kahawa hajafika mlangoni na dele lake. Kahawa ilikuja, ikanywewa, ikaja tena. Kila neno nililompa lilikuwa sahihi, na kila moja lilikosea mahali. Baadaye nilikaa nikayapanga ubavu kwa ubavu, na haya ndiyo niliyoyapata. Pengine nawe umekwama hapo hapo, na shairi, na ripoti ya mazingira, na hotuba ya msibani, au na lebo kama yeye.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza, na ndicho ninachokipa uzito zaidi kuliko vyote: kitu hicho kinaishaje? Lugha nyingi huuliza kinadumu kiasi gani. Kiswahili, nadhani, hujali zaidi namna ya kuondoka. Kuna kinachopita kikaenda zake, kuna kinachopokewa na kingine, kuna kinachochakaa, kuna kinachopotea machoni, na kuna kinachoondoka kwa ahadi ya kurudi.

Cha pili ni saa yake: nukta, siku, miezi au umri mzima wa mtu. Cha tatu ni moyo: neno linasikitika, linaliwaza, au linatoa habari tu kama karani? Cha nne ni mahali pake katika sentensi, na hapa namaanisha pia kama kuna maana nyingine iliyokwisha kulikalia neno hilo. Cha tano ni nani atakayelielewa bila kuelezwa.

Ili nisipotee angani, nilijaribu kila neno kwa vitu vitatu. Kimoja ni kikuba: asmini, mkadi, rihani na langilangi vimefungwa pamoja, mama anakichomeka kifuani jioni akienda harusini, asubuhi kimenyauka lakini nguo bado inanukia. Cha pili ni stetasi ya WhatsApp, inayofutika baada ya saa 24. Cha tatu ni lile bango.

-a muda

Kinaishaje: kwa kupokewa. Kitu cha muda kina mkubwa wake anayekuja. Kitambulisho cha muda kinangoja kile halisi, daraja la muda linangoja la zege, mwalimu wa muda anangoja mwajiriwa. Hata kama huyo mkubwa hafiki miaka kumi, neno linamtegemea.

Saa yake: haijulikani. Muda, kutoka Kiarabu mudda, ni kipande cha wakati, na urefu wake hausemwi. Ndiyo maana hupenda kutembea na mlinzi: "mfupi", au "tu". Katika Biblia ya Kiswahili, Waraka wa Pili kwa Wakorintho, vinavyoonekana ni "vya muda tu" na visivyoonekana ni vya milele. Kazi yote pale inafanywa na "tu". Ukilitoa, sentensi inalegea kama kamba ya ngalawa.

Moyo: hakuna. Ni neno la mhuri na saini. Kilatini kina temporarius, kutoka tempus, wakati, lililojengwa vivyo hivyo na lina ubaridi ule ule. Lugha za Ulaya zimelirithi kwa mikataba ya kazi.

Linapokwama: "kwa muda". Ukiandika "alikaa kwa muda", msomaji wa pwani anaelewa alikaa sana, hata chai ikapoa. Na kikuba cha muda? Ni kama kesho kitaletwa cha plastiki.

Linamfaa: mwanasheria, karani, anayeandika tangazo. Bango la muda ni sawa kabisa kwa mwenye ukuta anayetaka ukuta wake urudi.

-a kitambo

Hili ndilo lililonichekesha, kwa sababu ni neno lililogeuka mgongoni mwetu.

Mtume Yakobo, katika Biblia iliyosomwa na wazee wetu wa kanisani, anasema uhai wa mtu ni mvuke "uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka". Ni sentensi nzuri, na kitambo hapo ni punde, muda wa kupepesa. Sasa nenda Marikiti asubuhi, mwambie muuza samaki "nilikuona kitambo". Ataelewa mlionana zamani, labda enzi za baba yake. "Ni kitambo!" ni salamu ya watu waliopoteana. "Kitambo sana" ni zamani za kale. Kwa hiyo kijana wa leo akisoma ule mstari wa Yakobo anaweza kudhani mvuke umekaa siku nyingi.

Ukweli ni kwamba kitambo ni kama pima ya kitambaa isiyo na alama: urefu unatoka kwa neno linalofuata, kidogo au kirefu. Likiachwa peke yake, zamani lilielekea upande wa ufupi, na barabarani siku hizi linaelekea upande wa urefu.

Kinaishaje: halisemi. Linapima tu.

Moyo: wa kishairi, kwa wanaolijua la zamani. Kwa wengine ni kumbukumbu.

Jamaa wa mbali: hapa Kigujarati, ambacho Mombasa si lugha ya wageni, kinatushinda kwa usahihi. Kina kshanbhangur, neno la asili ya Kisanskriti: kshan ni nukta ya wakati, bhangur ni chenye kuvunjika upesi. Chenye kuvunjika kwa nukta moja. Saa na namna ya kuisha vimebanwa ndani ya neno moja, na Kihindi kinalo pia. Kitambo kina nusu ya kwanza tu, tena nusu inayonyumbulika kama mpira.

Linamfaa: mtunzi mwenye wasomaji waliolelewa na maandiko ya zamani, au anayetaka kuichezea ile maana mbili. Usiliweke kwenye ishara wala lebo. Mpwa wangu alijaribu "Karatasi za kitambo", na mwenzake akasoma: makaratasi ya kale. Ambayo nayo, kwa bahati, ilikuwa kweli.

-a kupita, na ukoo wake

Kinaishaje: kinakwenda zake, hakifi. Kitu cha kupita kinaendelea na safari mahali ambapo huoni, kama meli inavyopita mbele ya Fort Jesus ikaingia au ikatoka. Wewe ndiye uliyebaki ukutani. Katika maneno yote ya orodha hii, hili ndilo lenye mwendo ndani yake.

Lakini tazama linavyogeuzwa. Tunasema "mambo ya kupita", na mambo ndiyo yanayopita. Kisha tunasema "dunia ni mapito", na hapo dunia ndiyo njia, wapitaji ni sisi. Neno moja linabadilisha nani anasimama na nani anatembea. Sijaona lugha nyingine inayofanya hivyo kwa urahisi namna hii, ingawa Kiarabu kinakaribia: abir ni mwenye kuvuka, na katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari, mtu anausiwa awe duniani kama mgeni au mpita njia, abir sabil. Kwenye hadithi hiyo anayepita ni mtu, kama ilivyo katika "mapito" yetu. Kilatini, transire, ni kwenda mpaka upande wa pili, na huko ndiko Wafaransa na Waingereza walikochota maneno yao. Kijerumani kina vergänglich, kutoka kitenzi cha kupita na kwisha, nalo lina huzuni kidogo, la watu wa nchi yenye majani yanayoanguka.

Moyo: linaliwaza. Mtu akifiwa, akiachwa, akifilisika, atakayekaa naye barazani atamwambia "yatapita". Hakuna anayemwambia "ni ya muda".

Saa yake: kuanzia mafua ya siku tatu hadi utawala wa miaka thelathini.

Linapokwama: ukoo wake umekwisha kuajiriwa kwingine. Mpito limechukuliwa na siasa. Ukisikia "kipindi cha mpito" au "serikali ya mpito" unafikiria makabidhiano ya madaraka, si ufupi wa vitu. Mapitio ni kukagua maandishi. Nimewahi kupokea tafsiri iliyosema "maisha ni mapitio", nikamwona Mwenyezi Mungu ameshika kalamu nyekundu. Na ukimwita mtu "wa kupita", hasa kwenye habari za mapenzi, umemtukana. Kikuba cha kupita nacho kinasikika kama kinachotembezwa mtaani na mwenye sinia.

Linamfaa: karibu kila msomaji, kwa karibu kila jambo linalohusu hali, hisia, matatizo, mitindo. Halifai sana kwa kitu kinachooza au kunyauka mbele yako, kwa sababu hicho hakiendi popote.

-siodumu

Kinaishaje: kwa kushindwa kukaa. Neno limejengwa kwa kukana, na kukana kwake kunaleta harufu ya lawama. Viatu visivyodumu ni viatu vya bei rahisi. Ndoa isiyodumu, ahadi isiyodumu, rangi isiyodumu: kuna mtu analalamika. Mahali linapong'ara ni kwenye sentensi inayoweka kitu mkabala na cha kudumu, na sarufi yake ni nyepesi, kwani linajipatanisha na ngeli yoyote: kisichodumu, yasiyodumu, zisizodumu. Linaeleweka kutoka Vanga hadi Kiunga. Halina moyo, lina malalamiko.

Linamfaa: mwandishi wa habari za bidhaa, na mwanafunzi anayetaka tafsiri salama ya kamusi. Kikuba kisichodumu ni tusi kwa aliyekifunga. (Na kwa masikio ya pwani, dumu ni lile la maji pia. Tuliache hapo.)

-enye kutoweka

Kinaishaje: hakuna kinachobaki machoni. Hakipiti, maana kupita kuna upande wa pili, kutoweka hakuna.

Hili ndilo neno la dini na la mashairi mazito, na ni lazima nikae nalo. Aya ya 26 ya Suratur Rahman, kullu man alayha fan, inasema kila kilicho juu ya ardhi ni chenye kutoweka. Neno la Kiarabu pale ni fanin, kutoka fana, kwisha kabisa. Ungetarajia watu wa pwani, waliochukua nusu ya kamusi kutoka huko, wangelichukua na hili. Shida ni kwamba "fani" tayari ina mwenyewe: imetoka neno jingine la Kiarabu, fann, sanaa, na kila aliyefika sekondari ameshaandika insha ya fani na maudhui. Ukiandika "dunia fani", mwanafunzi atatafuta wahusika na mandhari. Kwa hiyo Kiswahili kikaingia jikoni kwake kikatoa kitenzi chake.

Washairi hawakungoja kivumishi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliutazama mji wa Pate uliokuwa na majumba ya fahari na kuta za vyombo vya kauri, sasa magofu, akaifananisha dunia na vumbi lionekanalo ndani ya mwali wa jua dirishani: unalikamata, unafungua kiganja, hamna kitu. Nimeangalia vumbi hilo mara nyingi katika vyumba vya Mji wa Kale saa mbili asubuhi. Hakuna kamusi itakayonieleza kutoweka zaidi ya hapo.

Jamaa wa mbali wa neno hili ni wawili, na wote wana mvuke au ndoto ndani yao. Kiebrania cha Mhubiri kina hevel, pumzi, mvuke, kitu unachokiona kinywani siku ya baridi kisha hukioni. Biblia ya Kiswahili imekitafsiri kwa "ubatili": ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili. Ni sauti ya nguvu, hakuna anayeisahau, lakini batili kwa Kiarabu ni kisicho na haki, kisichofaa, hukumu iliyotenguliwa. Mvuke umegeuka kesi mahakamani. Mhubiri hakusema tu kwamba dunia haifai, alisema haishikiki. Na tukiwa hapo, jina la Habili, yule ndugu aliyekufa mapema, kwa Kiebrania huandikwa kwa herufi zile zile za hevel.

Wajapani wana hakanai, na alama yake ya maandishi imeunganisha alama ya mtu na alama ya ndoto. Wanaitumia kwa maua ya mcheri, yanayochanua kikamilifu kwa takriban wiki moja na kuanguka yakiwa bado mazuri, na watu huenda chini ya miti kuyatazama kwa sababu hiyo hiyo. Katika hakanai, ufupi ni sehemu ya uzuri. Kutoweka kwetu hakuna furaha hiyo, kuna onyo. Ukitaka ile ya Kijapani kwa Kiswahili, itakubidi uongeze kitu kizuri kando yake, kwa mfano kikuba.

Saa yake: yoyote. Dunia nzima, au saa 24. Kwa simu neno hili linafanya kazi bila kuombwa: WhatsApp ina jumbe unazoweza kuzipangia zitoweke baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na hakuna neno linalozifaa zaidi ya "zinazotoweka". Hazipiti, hazinyauki, hazipokewi na nyingine.

Linapokwama: uzito. Ukiandika "punguzo lenye kutoweka" kwenye tangazo la duka, mteja atajihisi yuko matangani. Na bango halitoweki. Linabanduka, na gundi inabaki.

-a msimu

Kinaishaje: kinaondoka, kisha kinarudi. Kwa kweli hili ni neno jirani, si mwenye nyumba, lakini watu wa Mombasa hulitumia pale wengine wangesema "ya kupita", na wana haki. Mji huu ulijengwa na misimu: kaskazi iliwaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha. Neno limetoka Kiarabu mawsim, na Wareno walilichukua pia, ndilo likazaa jina la pepo hizo katika lugha za Ulaya.

Linapokwama ni kwenye sayansi. Mto wa msimu ni ule unaokauka kiangazi na kurudi masika. Lakini kuna mikondo inayotiririka tu kwa saa au siku chache baada ya mvua kubwa, kama laga za kaskazini mwa Kenya, na wanasayansi wanaiweka kundi lake. Ukiiita yote "ya msimu", mhandisi atajenga kivuko mahali pasipofaa. Sema "mkondo wa mvua", au eleza: hutiririka mvua inaponyesha tu.

Linamfaa: mkulima, mvuvi, muuza embe. Moyo wake ni wa subira.

-a siku moja, na mgeni wake efemera

Ephemera ni Kigiriki: epi, kwa au juu ya, na hemera, siku. Cha siku moja. Halikuanza kama neno la huzuni. Matabibu wa kale walilitumia kwa homa inayodumu siku moja, na Aristotle aliandika juu ya mdudu wa mto Hypanis anayeishi siku moja. Wataalamu wa wadudu walilishika wakaita kundi zima Ephemeroptera. Wadudu hao wakipata mbawa huishi saa chache hadi siku chache, wala hawali, kwani vinywa vyao havifanyi kazi. Ila kabla ya hapo wamekaa majini miezi, wengine hata mwaka au zaidi. Kwa hiyo "siku moja" ni ya onyesho la mwisho tu. Kumbikumbi ndiye angekuja akilini mwetu, lakini naye ni mjanja: wengi huliwa jioni ile ile, na wawili wanaobahatika kuanza kichuguu huishi miaka.

Ng'ombe nao wana homa inayoitwa kwa neno hilo la Kigiriki, inayoenezwa na wadudu wanaouma. Kwa lugha ya kawaida huitwa ugonjwa wa siku tatu. Wagiriki walihesabu moja, wafugaji wakahesabu sawasawa.

Mfano wa hapa nyumbani ninaoupenda zaidi ni mibuyu ya Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni Mombasa. Ua la mbuyu hufunguka jioni, popo wakalitembelea usiku, na kesho yake linaanguka. Mti unaolibeba unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Sijui neno gani kati ya haya yote lingewafaa wote wawili.

Kinaishaje: saa imefika. Hakuna sababu nyingine.

Moyo: "cha siku moja" kina wepesi, hata kejeli. Wajerumani humwita mtu aliyevuma mara moja akasahaulika Eintagsfliege, nzi wa siku moja. Sisi tuna "nguvu ya soda", na naapa yetu ina ladha zaidi: unasikia chupa ikifunguka.

Linapokwama: wasomaji hulichukua kwa hesabu. Maonyesho "ya vitu vya siku moja" yatawafanya watu waulize yatafungwa saa ngapi.

Na efemera, lile lililokopwa? Lina kazi moja ambayo hakuna neno letu linaloifanya: kutaja makaratasi yenyewe kama mkusanyo. John Johnson, aliyekuwa mpiga chapa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya tiketi, mabango na lebo nyingi, na tangu 1968 mkusanyo wake uko katika maktaba ya Bodleian. Mwaka 1975 Maurice Rickards alianzisha Ephemera Society London, na kwa maelezo yake efemera ni hati ndogondogo za kupita za maisha ya kila siku. Sarufi yake haisumbui: efemera hii, efemera hizi. Kinachosumbua ni kwamba bibi akiingia kwenye maonyesho atauliza ni dawa ya nini.

Linamfaa: mkutubi, mtu wa makumbusho, mwandishi wa katalogi. Weka maelezo mara ya kwanza, kisha litumie kwa raha.

Basi uchague vipi

Kama unaandika mkataba, barua ya ofisi au tangazo la barabara kufungwa, chukua "-a muda", na utaje tarehe ya mwisho ili neno lipate saa ambayo halina.

Kama unamliwaza mtu, au unaandika habari za mitindo, hasira, umaarufu na bei za nyanya, "-a kupita" litakutosha. Kaa mbali na mpito, isipokuwa kuna serikali inayobadilishwa.

Kwa mawaidha, tanzia, na shairi linalotazama magofu, "-enye kutoweka" ndilo lenye mgongo wa kubeba. Hapo unaweza pia kuacha vivumishi na kutumia methali. "Dunia mti mkavu" haisemi chochote kuhusu muda, na kila mtu anaelewa asiegemee. Kwa simu na kompyuta litumie hilo hilo bila uzito wowote, kama kitenzi: picha hii itatoweka.

Mwalimu anayesahihisha insha, akubali "-siodumu" wala asimsumbue mtoto. Mtafsiri wa maandiko ya zamani akikuta "kitambo", aongeze "kidogo" kabla msomaji hajapotea. Anayeandika ripoti ya maji au mifugo, aeleze kwa siku na kwa mvua, asitafute neno moja.

Na kama unachoelezea kiko mbele yako, kinashikika, jaribu kwanza kitenzi chake. Ua linanyauka, hina inafifia, barafu inayeyuka, bango linabanduka, maji yanakupwa. Mara nyingi huko ndiko Kiswahili kilikokwisha kuweka jibu, na sisi tunalitafuta kwenye safu ya vivumishi kwa sababu Kiingereza kililiweka pale.

Mpwa wangu aliondoka baada ya isha na maneno mawili. Katalogi imeandikwa "efemera", kwa sababu watu wa makumbusho wataisoma. Mlangoni ameandika "Karatasi za kupita". Lile bango lilimshinda; lebo yake inasema limebanduliwa ukutani, na mtaa gani.